Bomba la Tatu Ndilo la Maana

Wasee, kila nikiposti tangi langu la samaki wa bahari, swali ni lile lile: si utumie tu maji ya mfereji? Hapana. Maji ya mfereji yana klorini, na klorini inaua samaki. Ya kisima nayo, sehemu nyingi za Nairobi, yana floraidi na madini kibao. Ndiyo maana nikafunga mtambo wa RO, ule unaosukuma maji kwa nguvu kupitia utando wenye vitundu vidogo sana hadi madini karibu yote yabaki nyuma. (Na kabla mniambie nichote maji Mombasa: ni karibu kilomita 480. Nani atalipia mitungi nauli?)

Swali lenyewe hasa hamuulizi. Mtambo una mabomba matatu: la kuingiza maji, la maji safi, na la maji ya kumwaga. Hilo la tatu ndilo linatoa mengi, kama lita 3 kwa kila lita 1 safi. Kwenye video za majuu jamaa analielekeza kwa sinki, stori imeisha. Kwa ploti yetu maji huja mara mbili kwa wiki. Ukimwaga lita 75 ndio upate 25 za samaki, na jirani wa chini ananunua maji kwa mtungi, hiyo si hobi tena, ni madharau.

Bomba langu la tatu linaingia pipa la bafuni. Hayo maji si sumu. Ni yale yale ya mfereji, ila chumvi zake zimeongezeka kama thuluthi. Kuflashi choo, kupiga deki, kuloweka jinzi, sawa kabisa. Kunywa usijaribu, hasa yakiwa ya kisima, maana floraidi nayo imepanda. Mathe, aliyekuwa ananiambia nichague kati yake na samaki, siku hizi ndiye anauliza kama pipa limejaa.

Halafu presha. Tangi la paa likiwa mita 10 juu ya mfereji wako linakupa baa 1 tu, na utando unataka 3 hadi 4. Bila pampu, maji safi yanadondoka tone tone na ya kumwaga yanazidi. Weka pia valvu ya kujifunga yenyewe. Floti pekee ikifunga maji safi, bomba la tatu linaendelea kutiririka usiku kucha.

Maji safi yanaingia pipa la juu, kisha nafungulia kiasi kwenye pipa la kuchanganyia: lita 25, chumvi ya akwariamu kama gramu 875 (ya jikoni wachana nayo), pampu ndogo ikoroge hadi kesho. Mapipa ni mawili kwa sababu maji yakipaa kwenye tangi, chumvi inabaki, kwa hivyo ya kujazia lazima yawe matupu.

Kama kwenu hakuna nafasi ya pipa la bafuni, anza na samaki wa maji baridi. Wengi wao wanaishi poa kwa maji ya mfereji, bora tu uyatoe klorini.