Penseli Tatu Zinatosha (Sehemu ya 6)

Wiki iliyopita tuliongea habari za kuharisha na kuchanganya ORS. Leo tuyaache magonjwa kidogo, naongelea penseli. Ndiyo, penseli za kuchorea. Mama watatu wameniandikia inbox swali lile lile: "Nesi, mtoto wangu anapenda kuchora, nimnunulie nini?" Swali hili limenigusa kwenye kidonda, ndiyo maana jibu limekuwa refu. Kaa vizuri.

Naanza na kosa langu. Kijana wangu wa pili ana miaka 9. Mwaka jana natoka zamu ya usiku, macho mekundu, nakuta ujumbe wa mwalimu: daftari la Hisabati limejaa michoro. Nikalifungua. Kurasa 11. Kuna bajaji, kuku wa bibi yake, na kuna mimi nimesinzia kwenye kochi na yunifomu yangu, kiatu kimoja kimevuka. Wala sikuangalia vizuri. Nilizichana zote mbele yake nikatupa. Hakulia. Alisema tu, "Samahani mama." Nikaenda kulala.

Miezi miwili mtoto hakuchora hata mstari, na mimi sikugundua. Aliyegundua ni bibi yake alipokuja kututembelea. "Huyu msanii wangu mbona kanyamaza?" Ndipo ile picha ya kochi ikanirudia kichwani. Mtoto alikuwa anakaa ananiangalia nikiwa nimelala, kwa sababu ndio muda pekee ananipata nyumbani. Nami nikaichana.

Basi nikafanya kile tunachofanya wazazi wengi tukishakosea: nikaenda kununua kitu cha gharama. Nikashuka Kariakoo, nikarudi na boksi la bati lenye penseli 24, vijiti vya makaa, na daftari zito la kuchorea. Shilingi 48,000, mama, mwezi ambao luku yenyewe nilikuwa nabana. Mtoto akasema asante, akaliweka juu ya kabati. Wiki tatu baadaye nikalifungua. Hakuna hata penseli moja iliyochongwa. Nikamuuliza kwa nini. Akajibu akiangalia chini: "Naogopa kuziharibu, halafu utakasirika."

Hapo ndipo niliposoma somo. Anayeanza kuchora anahitaji vitu ambavyo haogopi kuvimaliza. Vichache, vya kawaida, vinavyopatikana tena wiki ijayo. Jumamosi iliyofuata tulienda naye duka la vifaa vya shule hapa mtaani, akachagua mwenyewe. Tulichonunua ni hiki.

*Penseli tatu: HB, 2B na 4B.* Angalia herufi zilizoandikwa kwenye mti wa penseli. H ni ngumu, inaandika hafifu na ukiikandamiza inakwaruza karatasi. B ni nyeusi na laini, na kadiri namba inavyopanda ndivyo inavyozidi weusi. HB iko katikati, hiyo ndiyo ya shuleni mliyoizoea. HB ni ya kuanzia mchoro kwa mistari myepesi, 2B ya kuukoleza, 4B ya vivuli na nywele. Ukikosa 4B chukua 6B. Ukiwa na hela ya penseli moja tu, chukua 2B, hiyo peke yake inafanya kazi nyingi.

Kabla hujalipa, itazame penseli kwenye kitako chake. Ile nyeusi ya ndani iwe katikati kabisa. Ikiwa imeegemea upande mmoja, kila ukichonga itakatika. Na mwambie mtoto asiziangushe ovyo, maana penseli ikianguka inavunjika ndani kwa ndani, nje huoni kitu.

Najua wengine mnaogopa. "Kalamu ya risasi" si ndiyo jina tulilokua nalo? Risasi kweli ni sumu, hasa kwa ubongo wa mtoto. Ila ndani ya penseli hakuna risasi. Mle ndani kuna madini ya kinywe, haya haya yanayopatikana Mahenge, Morogoro, yamechanganywa na udongo wa mfinyanzi na kuchomwa. Mfaransa Nicolas-Jacques Conté ndiye aliyesajili njia hiyo mwaka 1795. Udongo ukiwa mwingi penseli inakuwa ngumu, kinywe kikiwa kingi inakuwa laini na nyeusi. Kwa hiyo mtoto akijichafua ulimi, suuza mdomo, usikimbie hospitali. Ila asizoee kutafuna penseli, rangi ya nje hujui imetengenezwa na nini.

*Raba moja nyeupe, laini.* Ijaribu hapo hapo dukani: chora, futa. Ikiacha doa au ikichubua karatasi, rudisha. Zile ngumu za kwenye kitako cha penseli ni za kusahihisha hesabu, kwenye mchoro zinapaka uchafu. Na hapa naongea kama nesi wa wodi ya watoto: raba ndogo zenye harufu na umbo la matunda usizilete kwenye nyumba yenye mtoto mdogo. Zinaliwa na zinaingizwa puani. Ikishaingia puani usichokonoe na kibiritingoma wala kibanio, unaisukuma ndani zaidi. Mlete hospitali.

*Kichongeo cha chuma.* Ni kidogo, bei yake haina maumivu, na kinachonga vizuri kuliko vingi vya plastiki. Wembe hapana. Nimeshafunga vidole vingi vya watoto wa shule vilivyokatwa na wembe wa kuchongea penseli, vingine vikahitaji kushonwa. Akiwa na kichongeo chake kwenye mkoba, huo wembe hana haja nao.

*Karatasi nyingi za kawaida.* Hapa ndipo pa kuweka hela. Karatasi za A4 za kutolea kopi, zile za gramu 80, zinafaa kabisa kwa anayeanza. Kama rimu nzima ni nzito kwa sasa, muombe mwenye steshenari akuuzie karatasi 50. Kopi zilizoharibika zenye upande mmoja mweupe nazo ni karatasi (msinisingizie, sichukui mafomu ya wodini, hayo yana siri za watu). Epuka karatasi inayong'aa, penseli inateleza haishiki. Daftari zito la kuchorea litakuja baadaye, mwenyewe akianza kulidai.

Vilivyobaki unavyo nyumbani. Pamba au kipande cha tishu cha kulainishia vivuli, maana kidole kina mafuta na kinaacha alama. Karatasi safi ya kuweka chini ya kiganja ili mkono usipake mchoro wote. Makaa, seti za 24, penseli za H, vyote hivyo visubiri.

Kwa wenye watoto wadogo, miaka 3 hadi 5: chukueni penseli nene au krayoni nene, vidole vyao bado havijakomaa kushika kitu chembamba. Wachore wamekaa, wewe ukiwaona. Kukimbia na penseli mkononi au mdomoni marufuku, hata kama ni hatua mbili kwenda kukuonyesha picha. Akianguka inaweza kumchoma jicho au kaakaa. Na ikitokea imeingia na kung'ang'ania, usiichomoe. Izuie isitikisike, mlete hivyo hivyo, haraka.

Sasa, vifaa tulivyonunua siku ile havikufika shilingi 10,000. Lakini sitaki nikudanganye kwamba penseli ndizo zilizomrudisha mwanangu. Tulipofika nyumbani alivipanga mezani, akakaa anaviangalia tu. Ikabidi mimi ndiye nianze. Nikaweka kikombe cha chai mbele yetu, nikachukua HB, nikachora. Mama yangu, kikombe changu kilikuwa kama ndoo iliyogongwa na daladala! Akacheka. Nikamwambia, "Zile kurasa zako, sikupaswa kuzichana. Nisamehe." Hakujibu. Alichukua 2B akanisahihishia mkono wa kikombe.

Tangu siku hiyo tunajaribu, siku nisipokuwa zamu, kukaa dakika 20 baada ya chakula cha jioni. Kama unaanza na mtoto wako, fanyeni hivi: choreni kwanza kisanduku kirefu, mkigawe vipande vitano, mvijaze kutoka hafifu hadi nyeusi kabisa kwa penseli moja. Mkono utajifunza uzito wake. Halafu chukueni kitu kimoja cha jikoni, kikombe au kitunguu, mkiweke karibu na dirisha. Muulize mwanga unatoka wapi na kivuli kinaangukia wapi. Usimuulize "hiki ni nini sasa?" Mwambie "nisimulie picha yako." Na kama ni mbaya, acha iwe mbaya. Karatasi zipo.

Daftari la Hisabati sasa liko salama, mwalimu ameridhika. Kile cha bati bado kiko juu ya kabati. Wiki iliyopita nimesikia kikifunguliwa, sikuuliza kitu.

Ile picha ya kochi ndiyo inayoniuma. Nilimwomba anichoree nyingine. Akaniangalia akatabasamu: "Mpaka usinzie tena, mama."

Haya, wiki ijayo tunarudi kazini: chanjo ya surua na rubella ya miezi 9, na kwa nini usiikose ile ya pili ya miezi 18. Leo nina usiku. Mniombee zamu tulivu.