Zaidi ya Neno "Askari": Kufundisha Chembe Nyeupe za Damu

Darasani tumezoea kuziita chembe nyeupe za damu askari wa mwili. Mfano huo si mbaya. Kasoro yake ni kumfanya mwanafunzi adhani kwamba askari hao wote ni wa namna moja na kazi yao ni moja. Wanachuo ninaowakagua wakati wa mazoezi ya kufundisha huuandika ubaoni, wakaupigia mstari, kisha wakaendelea na jambo jingine.

Mimi hupendelea kuanza na jipu, kwani hakuna mtoto asiyelijua. Usaha utokao humo, kwa sehemu kubwa, ni neutrofili zilizokufa, chembe ziwahizo kufika penye jeraha na kumeza bakteria. Monosaiti hufuata, zikaingia katika nyama za mwili, zikakua na kusafisha mabaki. Eosinofili yafaa zitajwe katika somo la minyoo na kichocho. Basofili, ziletazo uvimbe na mwasho, zisikupotezee muda.

Kuhusu wingi wake, zana ni rahisi: punje 100 katika ungo. Maharage 60 yawe neutrofili, mahindi 30 limfosaiti, kunde 6 monosaiti, choroko 3 eosinofili, na punje 1 ya mbaazi iwe basofili. Hayo ni makadirio ya mtu mzima mwenye afya. Mpimaji wa maabara naye huhesabu chembe 100 vivyo hivyo kwa hadubini.

Limfosaiti zastahili kipindi kizima. Katika darasa moja la tano mtoto aliuliza, "Mwalimu, kama tuna askari, mbona mdogo wangu alikufa kwa surua?" Mwanachuo akajibu kwamba askari wake walikuwa wavivu. Jibu hilo si la kweli, tena ni la kikatili. Limfosaiti zikikutana na kirusi kwa mara ya kwanza huhitaji siku kadhaa ili ziongezeke na kutengeneza kingamwili za kutosha; isitoshe, kirusi cha surua huzishambulia limfosaiti zenyewe. Chanjo huzionyesha mapema adui aliyedhoofishwa, nazo hubaki na kumbukumbu yake kwa miaka mingi. Virusi vya UKIMWI huharibu zaidi limfosaiti zile ziziamrishazo nyingine, ndiyo maana kinga yote hulegea.

Mtoto akiuliza hivyo, mwalimu amweleze habari za siku hizo kadhaa, polepole, pasipo kumlaumu marehemu wala mama yake. Ungo na punje vibaki mezani; atataka kuyagusa yale mahindi 30.