Tizi Saa Ngapi, na Nani Abaki na Mtoto?

Waulize washkaji wa mtaani kwetu Tabata saa nzuri ya kupiga tizi, kila mmoja ana yake. Wa alfajiri atakwambia hewa safi, wa jioni atakwambia mwili umeshapata moto. Huyo wa jioni hakudanganyi, maana joto la mwili hupanda kadiri siku inavyokwenda. Lakini jamani, wengi wao ni makapera!

Mimi nina mke na binti wa miaka 3. Jioni nikishuka kwenye daladala, yuko mlangoni ananisubiri, na saa 2 usiku keshalala. Nikienda tizi muda huo, tutakuwa tunaonana Jumapili kwa Jumapili. Kuacha nako siwezi: presha ilimpoozesha baba yangu, nami sitaki mwanangu aje kuninywesha uji kwa kijiko.

Basi nimechukua saa 11 na nusu alfajiri. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Natembea harakaharaka dakika 50 Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, hesabu imetimia. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi ni zamu ya mama watoto na jirani yake. Mimi nabaki nachemsha chai na kumwogesha mtoto. Presha haichagui baba wala mama, ati.

Nawe msomaji, kabla hujanunua raba, kaa na mwenzio mpangiane zamu. Raba bila zamu ni ugomvi mtupu.