Istanbul: Nyumba Moja, Wenyewe Wengi

Msafiri afikaye Istanbul, mji mkubwa wa Uturuki, huona ajabu ya kwanza kabla hajaingia mjini: mji wenyewe umekaa katika mabara mawili. Upande mmoja wa mlango wa bahari wa Bosphorus ni Ulaya, na ng'ambo ni Asia. Kila asubuhi watu huvuka kwa vyombo kwenda kazini, na jioni hurudi, kama watu wa Likoni waendao Mombasa.

Zamani mji huu uliitwa Constantinople, nao ulikuwa makao ya Makaisari Wakristo. Kaisari Justinian alijenga humo kanisa la Hagia Sophia tangu mwaka 532 hata 537. Kuba yake ina upana wa futi 100 na zaidi. Mwaka 558 kuba ya kwanza ilianguka baada ya matetemeko ya nchi, lakini mafundi hawakukata tamaa. Waliijenga upya, wakaiinua kuliko kwanza.

Mwaka 1453 Sultani Mehmed wa Pili aliuteka mji. Kanisa hakulibomoa, bali aliligeuza kuwa msikiti. Masultani wakaongeza minara, na Sinan, fundi wao mashuhuri, akazitia nguvu kuta zake. Mwaka 1934 serikali iliamuru jengo liwe makumbusho. Mwaka 2020 likarudishwa kuwa msikiti. Wengi walishangilia, na wengi walisikitika. Maana kila mmoja huona kwamba nyumba ile ni urithi wake.

Karibu na hapo, chini ya ardhi, liko birika kubwa la maji la Justinian, lenye nguzo 336. Nguzo mbili zimesimama juu ya vichwa vya mawe vya Medusa, mwanamke wa hadithi za Kiyunani mwenye nywele za nyoka. Kimoja kimelazwa ubavu, na cha pili kimepinduliwa juu chini. Ni mawe ya jengo la kale zaidi. Waashi waliyakuta, wakayatumia.

Basi, ndugu msomaji, huo ndio mji wa Istanbul. Hagia Sophia imebadili wenyewe mara nyingi, lakini haikusimama miaka 1,400 na zaidi kwa nguvu za aliyeijenga tu. Imesimama kwa sababu kila aliyeipokea aliitengeneza. Arithiye shamba na asipalilie, hana haki ya kumlaumu aliyempa.