Chaza na Maji Yake: Kutoka Makupa hadi Gazi

Juma hili tuwachukue wasomaji wetu safari fupi ya pwani, tutoke Makupa tuishie Gazi, tukimtazama kiumbe mmoja mdogo: chaza.

Hapo Makupa, tangu mwaka 2022, pana daraja na maji hupita chini yake. Kabla ya hapo palikuwa na tuta lililoyazuia. Kando yake, Kibarani, palikuwa jaa la mji kwa miaka mingi, hata likafungwa na pakapandwa miti. Lakini yaliyokwisha kushuka majini hayakufungwa pamoja na jaa. Watafiti waliopima tope la Makupa na Kilindini walikuta humo shaba, zinki na kadimiamu.

Chaza hana pa kukimbilia. Hushikamana na jiwe au mzizi wa mkoko, akayavuta maji na kuyachuja apate chakula chake. Risasi, zebaki na kadimiamu zikiwamo majini, humwingia na kubaki katika nyama yake.

Tushuke kusini hadi Gazi, Kwale. Hapa mikoko imesimama, na kina mama wamejenga njia ya mbao ndani yake, wageni wakapita na wao wakapata riziki. Katika baadhi ya mikono ya bahari ya Pwani yetu, vikundi vya kina mama vimeanza pia kufuga chaza. Ni kazi njema, na mfugaji ana hiari asiyokuwa nayo mwokotaji: huchagua maji. Hata hivyo uzuri wa macho si ushahidi. Maji safi hujulikana kwa kupimwa.

Enyi mama zetu na dada zetu, hapa ndipo penye hatari. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi risasi. Ndimu haiitoi, chumvi haiitoi, wala sumu hiyo hainuki. Risasi hudhuru akili za watoto. Kadimiamu hudhuru figo. Kule Minamata, Japani, ambako ugonjwa wa zebaki ulitambuliwa mwaka 1956, kina mama walikula samaki na kombe wa ghuba yao, na baadhi yao, wakijiona wazima, wakazaa watoto waliokwisha kudhurika tumboni. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya hauruhusu kombe kuuzwa wakizidi miligramu 1 ya kadimiamu au 1.5 za risasi kwa kila kilo.

Katika madhehebu yetu ya Shafi, chaza ni halali. Lakini tumeamrishwa kula kilicho halali na kilicho kizuri, na sheria yetu haikubali madhara. Basi kabla ya kuuliza bei, tumuulize muuzaji: ametolewa maji gani? Yamepimwa? Na wafugao wadai kupimiwa kabla ya kutia kamba majini, kwani usalama wa chaza huamuliwa baharini, si jikoni.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali iliyo safi. Amin.