Deni la Ngoma

Katika Uzaramo, na hasa katika ukanda ule unaofuata reli kutoka Pugu kupitia Soga hata kufikia kingo za mto Ruvu, kipupwe kilikuwa na kazi yake mahsusi. Mpunga ulipokwisha kuvunwa na kuwekwa ghalani, na umande wa asubuhi ukawa mzito juu ya mikorosho, na wagema wakapata tembo la kuwatosha wanywaji na ziada, wazee walianza kuulizana baada ya sala ya magharibi swali lililokuwa zito kuliko swali la kodi: mwaka huu tunawiwa na nani, na sisi tunamwia nani? Deni lenyewe halikuwa la fedha wala la mifugo. Lilikuwa deni la ngoma.

Kanuni yake ilikuwa nyepesi kuieleza na ngumu kuikiuka. Kitongoji kimoja kikiwaalika wachezaji wa kitongoji kingine, mwenyeji alilazimika kuwalisha wageni wali na kitoweo, kuwapa jamvi la kujinyoosha alfajiri, na kuwatunza waliocheza kwa ustadi kwa sarafu iliyobandikwa juu ya paji la uso lenye jasho. Na wageni nao, kwa kule kula na kutunzwa, walikuwa wamejifunga bila ya hati wala shahidi kuwaita wenyeji wao kabla ya mvua za vuli. Aliyechezewa sharti akacheze, na aliyekula sharti apike. Kitongoji kilichopitisha msimu bila ya kulipa kilitungiwa wimbo, na wimbo huo ulikitangulia popote kilipokwenda, hata wanawake wake wakaimbiwa kisimani.

Nilijiunga na misafara hiyo katika kipupwe cha mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, nikiwa kijana ambaye ndevu zake zilikuwa bado ni matumaini, baada ya mjomba wangu, aliyekuwa manju wa kikundi chetu, kunikabidhi chapuo, ngoma ndogo ambayo kazi yake ni kusema upesi na bila ya kukosea wakati msondo mrefu unaposema kwa heba. Tulitoka Soga jua likiwa limeinama, tukishika njia ya miguu kando ya reli ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914. Wakubwa wamebeba ngoma mabegani, njuga zimefungwa vitambaa zisilie kabla ya wakati wake, na sisi vijana tumejitwika makuti makavu ya kuwashia moto wa kukanzia ngozi. Safari hii tulielekea Mlandizi, safari ile tukakata pori kwenda upande wa Kisarawe, na iliyokuwa ndefu kuliko zote ilitufikisha hata Maneromango, tukilala njiani kwa jamaa.

Aghalabu kituo cha kwanza kilikuwa kilabu cha pombe, si kwa sababu sote tulikuwa wanywaji, maana wengi wetu tulikuwa tumelelewa chuoni na mjomba mwenyewe hakuonja tone, bali kwa kuwa hapo ndipo habari zilipopatikana na hadhira ilipokuwa imekwisha kukusanyika bila ya kuitwa. Wanyamwezi waliokuja pwani kwa kazi ya mashamba ya mkonge, ambao ni watani wa Wazaramo tangu enzi za misafara, walitulaki kwa matusi ya utani, wakidai kwamba Mzaramo hulima siku moja akaicheza mwezi mzima; nasi tuliwajibu kwa beti zilizotungwa papo hapo, ambazo haifai kuzirudia mbele ya watu wa heshima. Katika kilabu kimoja karibu na Ruvu alikuwapo mzee aliyecheza beni ujanani mwake katika chama cha Arinoti, kile kilichoshindana na Marini katika Dar es Salaam baada ya Vita Kuu ya Kwanza, chenye vyeo vya kijeshi na mwendo wa askari. Alitutazama kwa makini, akatoa hukumu kwamba safu zetu zimepinda na kwamba ngoma ya kweli imekwisha. Alikuwa akiiomboleza yake mbele ya vijana walioamini kwamba yao haitapatwa na mauti.

Taji ya msimu ilikuwa mdundiko. Ngoma hii haichezwi mahali pamoja, hutembea. Mwali aliyewekwa ndani na kufundishwa na nyakanga, siku ya kutolewa kwake hubebwa mabegani, na ngoma humtangulia, na watu huandamana naye kutoka nyumba hii hadi ile, na kila mlango unaopitwa huongeza wachezaji, hata mtu aliyetoka kwenda kuchota maji hujikuta amefika kitongoji ambacho hakukikusudia. Huko mjini mama walikuwa wakiwaonya watoto wao wasiufuate mdundiko wasije wakapotea, na onyo hilo halikuwa la mzaha.

Waliokuja kuibadilisha ngoma walikuwa marafiki zake. Mwalimu Nyerere, alipokuwa Rais wa Jamhuri mwezi Desemba 1962, aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akasikitika kwamba wasomi walijua rumba na dansi za kigeni kuliko walivyojua gombe sugu, mangala na lelemama. Nasi tulioko shamba tulifurahi kwamba jambo letu limetajwa mahali pa heshima. Kundi la ngoma la taifa likaundwa, na mwaka 1981 Chuo cha Sanaa kikaanzishwa Bagamoyo. Lakini kwetu heshima hiyo ilifika katika sura ya barua: kikundi cha utamaduni kinatakiwa kiwepo saa mbili asubuhi kumlaki mgeni. Tulicheza robo saa juani, mgeni akapunga mkono, akapanda gari lake, akaenda zake. Hakuwa na kitongoji cha kutualika, wala sisi hatukutazamia atualike.

Jambo la pili lilikuwa na athari kubwa zaidi, nalo halikuwa na nia mbaya hata kidogo. Katika mwaka 1973 na 1974 watu wa vitongoji waliamriwa kuhamia katika vijiji vya ujamaa, na vijiji vilileta shule na zahanati, ambazo watoto wangu walifaidi na siwezi kuzibeza. Ila wale tuliokuwa tukiwaendea usiku kucha sasa tulipakana nao ua kwa ua. Huwezi kumwalika jirani yako ukamtandikia jamvi la safari, wala huwezi kumwendea kwa msafara ilhali moshi wa jiko lake unaingia kwako. Wenyeji na wageni wakawa watu wamoja, na deni likakosa njia ya kupita.

Miaka ya themanini iliwachukua wengi wetu hadi Dar es Salaam, na ngoma ikatufuata katika mabaa na kumbi za starehe. Muungano Cultural Troupe, kundi la Norbert Chenga, lilionyesha katika onyesho moja ngoma za makabila, sarakasi, vichekesho na taarabu. Mtu alilipa kiingilio, akaagiza bia, akatazama. Nilikuwa miongoni mwa watazamaji hao, na sikatai kwamba wachezaji wale walitupita sisi kwa ufundi. Mwaka 1992 likaja kundi jingine, Tanzania One Theatre, ushindani ukawa wa taarabu na mipasho, na sehemu ya ngoma ikapungua mwaka hata mwaka kwa kuwa mnunuzi wa tiketi hakuidai.

Ni katika miaka hiyo nilipofahamiana na mwalimu mmoja Mwingereza aliyenisimulia ngoma ya kwao iitwayo Morris. Wachezaji huvaa nguo nyeupe, hufunga kengele ndogo miguuni kama njuga zetu, hushika vitambaa au fimbo, na katika miezi ya jua huzunguka vijijini wakicheza mbele ya vilabu vya pombe, kofia ikipitishwa kwa watazamaji. Ngoma hiyo ilikaribia kutoweka. Siku iliyofuata Krismasi, mwaka 1899, mwanamuziki Cecil Sharp aliwaona mafundi wa Headington Quarry, karibu na Oxford, wakiicheza nje ya msimu wake kwa sababu baridi imewakosesha kazi na walihitaji senti; akamwita mpigaji wao, William Kimber, akaziandika tuni zake, na kutokana na maandishi kama hayo ngoma ikapata kizazi kipya. Kisa hicho kilinizuia nisiilaumu fedha, kwani wale mafundi walicheza kwa fedha na sisi nasi tulitunzwa. Nilichokisikia kwa wivu ni kwamba hata leo kikundi cha kijiji kimoja hukialika cha kingine, hula pamoja, kisha hualikwa nacho.

Vijana wetu hawakuacha kucheza. Walichukua kinanda kidogo cha Casio, wakakioanisha na ngoma na spika za honi, wakapata mchiriku uliotamba katika miaka ya tisini; na kutoka katika ukoo huo, huko Manzese na Tandale, ikazuka singeli, yenye mbio ambazo zimeifikisha katika matamasha ya Ulaya. Wazee wenzangu huitukana. Mimi humo ndani nasikia chapuo likiharakishwa. Dosari ninayoiona ni nyingine. Kigodoro, yaani mkesha wa muziki huo mtaani, hukodiwa: mwenye shughuli hulipia mtambo na msanii, watu hukesha, na kukipambazuka hesabu imefungwa na hakuna anayewiwa.

Soga yenyewe imepata stesheni ya reli mpya ya umeme, ambayo treni zake zilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024. Viwanja vimepimwa, kuta za matofali zimekatiza njia tulizozipita, na wanunuzi kutoka mjini wamekuwa majirani wema wasiojua nyimbo zetu, kama sisi tusivyozijua zao. Mdundiko bado hutoka mwali anapotolewa, ingawa siku hizi wapigaji hupanda gari la kirikuu ili njia iishe upesi.

Karibuni vijana wa hapa Soga walinijia na shauri la kusajili kikundi, wakatafute mfadhili, sare na spika. Niliwaomba watangulize jambo moja: waende Kisarawe kucheza na kulishwa, kisha wawaite wenyeji wao nyumbani kabla ya vuli, nauli watoe wanaosafiri na karamu watoe wanaopokea. Baadhi yao waliona kwamba hiyo ni hasara kwa kikundi ambacho hakijapata hata senti. Ni hasara kweli. Na ngoma tuliyoirithi ilijengwa na watu waliokubali kuibeba hasara hiyo kila kipupwe, kwa zamu.