ALIMUITA MKEWE MCHAFU, KUMBE UKUTA NDIO UNANUKA

Walipata chumba na sebule maeneo ya Kigogo, kule bondeni karibu na Mto Msimbazi. Ilikuwa Januari, jua kali, kuta zimepigwa rangi mpya ya krimu inang'aa. Baba mwenye nyumba akataka kodi ya miezi 6. Jamaa akakomba akiba yote, akalipa, wakahamia na mtoto wao wa miezi 10.

Masika ilipoanza mwezi wa tatu, mambo yakabadilika. Rangi ikaanza kuvimba huku chini, ukiigusa inabanduka na kudondosha unga mweupe kama chumvi. Ndani kukawa na harufu ile ya nguo mbichi iliyosahaulika kwenye beseni.

Siku moja jamaa anatoa shati lake jeupe aende kazini, akakuta kola ina vidoa vyeusi. Akawaka. "Mama nanii, hivi wewe unafua au unalowanisha tu? Nyumba nzima inanuka!"

Dada wa watu hakujibu. Kesho yake akafua kila kitu upya, mpaka mapazia. Mvua ikamzuia kuanika nje, akafunga kamba sebuleni. Harufu ikazidi, na maneno nayo yakazidi, mpaka mama mkwe akapiga simu kutoka mkoani kumuuliza kama kwao hakufundwa.

Kilichowaamsha ni mtoto. Kila usiku anakohoa, kifua kinalia kama filimbi. Wapo waliosema ni jicho. Dawa ya kikohozi chupa ya tatu, wapi! Usiku mmoja akashindwa hata kunyonya, wakamkimbiza kituo cha afya. Alipotulia, daktari akawauliza, "Chumba mnacholala kikoje? Kuna moshi, vumbi, unyevu?"

Asubuhi wakalivuta kabati la nguo. Nyuma yake ukuta wote mweusi, ukungu umetambaa mpaka pale mtoto anapolaza kichwa.

Jamaa alisimama kimya. Halafu akatoka, akampigia mama yake. "Mama, siyo yeye. Ni nyumba." Mkewe alimsikia kupitia dirishani.

Fundi alipoitwa alicheka. Msingi haukuwekewa nailoni ya kuzuia maji, kwa hiyo ukuta unanyonya kutoka ardhini kama utambi wa taa. Ukipaka rangi juu unaficha tu. Na siyo mambo ya uswahilini pekee: mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na ukungu majumbani, likieleza kwamba wanaoishi kwenye nyumba za namna hiyo wako kwenye hatari zaidi ya kukohoa, kubanwa kifua na pumu.

Wakaomba warudishiwe kodi iliyobaki. Baba mwenye nyumba akawajibu, "Hiyo masika tu, itapita." Pesa ya kuhama hawakuwa nayo. Wakabaki. Walifuta ukungu kwa maji na sabuni, pua zimefungwa kanga, mtoto yuko kwa jirani. Kitanda na kabati vikasogezwa mbali na ukuta, madirisha yakawa wazi mchana kutwa, na kuanika ndani ikawa marufuku. Kikohozi hakikuisha, ila mtoto alianza kulala usiku.

Mwisho wa Juni wakahamia chumba kimoja tu, lakini juu, pakavu. Siku wanapakia vyombo kwenye guta, fundi rangi alishaanza kazi. Krimu ile ile. Mlangoni kasimama binti mjamzito na mumewe, wanaangalia chumba, wanatabasamu.

Dada akaweka beseni lake chini, akamsogelea. "Mdogo wangu, kabla hujatoa hela, njoo uguse ukuta hapa chini. Halafu fungeni mlango na madirisha, mkae dakika kumi, mnuse."